Mirashi Saba ya Ghala la Kisimbari

Usiku wa manane ilisikika sauti ya kutafuna, polepole, kama bibi kizee asiye na jino anayemumunya tende, na Tunu binti Faraji, aliyekuwa amekaa kitandani akimnyonyesha mwanawe wa kwanza, Raya, akainua kichwa na kusikiliza, maana sauti ile haikutoka uani wala darini. Ilitoka ndani ya ukuta.

Na ukuta ule ulikuwa ukuta wa ghala la Sultani, naye Sultani mwenyewe ni Ghalibu bin Shamsi, mtawala wa Kisimbari, mji wa milango tisa na visima arubaini, mji ambao ghala lake lilikuwa kubwa kuliko msikiti wake, na watu wakilisema hilo walilisema kwa sauti ya chini.

"Baba Raya," Tunu akamwita mumewe. "Baba Raya, amka. Ghala linatafuna."

"Panya."

"Panya hatafuni hivi."

"Basi ni panya mzee. Lala, mke wangu, kesho nina kazi ya kula."

Na hakuwa akifanya mzaha, kwa kuwa Sudi bin Mbaruku alikuwa mwonjaji wa Sultani, na kazi yake ilikuwa kuchota kijiko kimoja cha kila chakula kabla hakijafika mezani na kukimeza mbele ya watu wote, kisha kusimama kimya kwa muda wa kusoma Yasini moja, na asipoanguka, watu wale. Mpishi Khelefu alikuwa akimtania kila asubuhi, "Sudi wee, Mungu amekugawia riziki ya kula, mimi amenigawia ya kukutazama kama utakufa."

Tunu akauweka mkono ukutani. Ulikuwa na joto. Wewe mama mwenzangu unalijua joto lile, la paji la mtoto kabla homa haijapanda, na sasa jiulize, usiku wa baridi, ukuta wa mawe, upate homa kwa nini? Angesema. Angemwamsha tena mumewe, akamshika mkono, akauweka pale. Hakumwamsha, aliogopa kuchekwa, ni hilo tu, na kwa hilo tu watu kumi na mmoja wakaja kufa.

Sasa ifahamike desturi ya mji ule. Kila mwaka mavuno yakiisha, ghala la Sultani lilijazwa mahindi mpaka dari, na kabla ya mlango kufungwa kwa nta aliitwa mwanamke aliyetoka arubaini ya uzazi wake wa kwanza, akapewa mrashi wa fedha, akayanyunyizia mahindi marashi ya waridi ili nayo yazae kama alivyozaa yeye. Mrashi mmoja, matone machache. Lakini mwaka ule mavuno yalikuwa makubwa kuliko yote, na mwanamke aliyeitwa alikuwa Tunu, na nyuma yake alisimama Mwana Salha, mama yake Sultani, ambaye mji mzima ulimwita Bibi Mkuu, na Tunu alipomaliza mrashi wa kwanza Bibi Mkuu akampa wa pili na wa tatu, na akamwambia, "Mimina, mwanangu, mimina. Baraka haipimwi." Na Tunu, aliyekuwa hajawahi kuguswa bega na mtu mkubwa kiasi kile, alimimina. Mirashi saba. Kisha yakaletwa marashi kwa mitungi na akaacha kuhesabu.

Mlango ukafungwa. Miezi mitatu ukuta ukatafuna.

Siku ghala lilipofunguliwa, vumbi la kijani lilitoka na harufu ya waridi iliyochachuka, na watu wakasema, hiyo ndiyo baraka, na mahindi yakapelekwa kinuni. Wa kwanza kufa walikuwa bata wa uani, na nani anaomboleza bata? Wakafuata wasaga unga, kisha askari wawili wa lindo, walaji wakubwa wote wawili, wakitapika, matumbo yakavimba, na macho yakageuka manjano kama binzari. Mwisho wa mwezi walikuwa watu tisa, na binti wa Sultani, Nargisi, mtoto wa miaka sita, akaamka asubuhi moja na macho yale yale.

Sultani akasema, "Nyumbani mwangu kuna mtu atiaye sumu."

Wakaleta kikombe cha pembe ya kifaru, ambacho walioshika elimu walisema hutoa povu kikiguswa na sumu, wakatia uji, kikombe kikatulia kama kikombe. Wakachovya kijiko cha fedha, hakikuwa cheusi. Sudi alikula kijiko chake kila siku na kila siku alikuwa mzima. Basi kama chakula kilipita kwa mwonjaji salama, kilitiwa sumu na nani? Wakamchukua Khelefu mpishi, wakampiga siku mbili, na siku ya tatu wakamnyonga mbele ya lango la samaki huku mkewe, Bi Maua, amesimama na watoto watatu, mdogo akiuliza kwa nini baba anaruka.

Na watu wawili wengine wakafa baada yake.

Basi Waziri akainua kidole na kusema kwamba mpishi alikuwa na mwenziwe, na mwenziwe ni nani kama si yule alaye na asife? Jumatano mchana askari wakaja chumbani kwa Tunu.

"Mwonjaji yuko wapi?"

"Amelala. Amefanya nini mume wangu?"

"Hajafa," akajibu askari mmoja, na wenzake wakacheka. "Ndilo kosa lake. Ijumaa baada ya sala atasahihisha."

Sudi alipokuwa akitolewa mlangoni alimwambia neno moja tu, "Usile mkate wa ikulu," kwa sababu ndilo neno pekee la akili lililomjia, nalo likabaki masikioni mwa mkewe usiku huo na kesho yake yote, na usiku wa kuamkia Ijumaa, akiwa amekaa gizani mtoto kifuani na ukuta ukitafuna nyuma yake, ndipo akawakumbuka bata.

Bata! Bata hawakula kwa Khelefu. Hawakula kwa Sudi. Walidonoa punje zilizoanguka mlangoni pa ghala, mbichi, kabla hazijaguswa na mpishi yeyote wala mwonjaji yeyote, na walikufa kabla ya watu wote. Tunu alisimama ghafla hata mtoto akashtuka, akamfunga mgongoni, akachukua taa, akatoka.

Mlinzi wa ghala alikuwa amelala kizingitini, hakumzuia, tumbo lake lilikuwa kubwa kama la mjamzito na macho yake yalitazama taa bila kuiona. Tunu akamruka. Ndani mlikuwa na joto la tanuri, na mahindi yalikuwa yameshikana mabonge mabonge, na juu yake ulikuwa umetanda ukungu, kijani na manjano, laini kama mahameli, na mahameli yale yalikuwa yakipanda na kushuka. Yanapumua. Kisha yakainuka, yakawa kiumbe kifupi, chenye sura ya mtoto mzee, hakina meno, kikapiga magoti mbele yake.

"Labeka, Bibi yangu."

Tunu akashika midomo yake asipige kelele. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Ghubari, katika majini walio wadogo kuliko wote. Miaka mia tatu nilikuwa nimelala ndani ya punje moja, mkavu kama mfupa. Na ahadi niliyofungwa nayo ni hii, kwamba anitiaye maji ndiye bwana wangu. Bibi ulinitia maji. Tena ya waridi! Matone yao ya kila mwaka yalikuwa yakinigeuza ubavu tu, mara chache nilifumbua jicho. Wewe ulinikirimu. Nikaamka, na tangu siku ile sijapumzika kukutumikia."

"Kunitumikia kwa kazi gani?"

"Niijuayo." Akaonyesha mahindi kwa fahari, kama fundi anayeonyesha mlango aliouchonga. "Kila chenye uhai kina chake, Bibi. Nyoka anacho menoni, nge mkiani, chura ngozini, mnyaa katika utomvu wake. Nasi tusio na meno wala mkia wala miguu ya kukimbilia, tufanyeje? Tunatengeneza kitu kidogo, kidogo hata jicho halikioni, tunakitia mlangoni pa nyumba yetu ili wengine wasiingie. Nyinyi mnaita sumu. Mimi naita komeo."

"Watu kumi na mmoja wamekufa kwa hilo komeo lako!"

"Sikuwaita. Mimi nimejenga mlango, wao wakaula."

"Walikukosea nini? Khelefu alikukosea nini?"

"Simjui Khelefu," akasema jini, na uso wake ulikuwa mtupu kabisa, na huo utupu ndio uliomtisha Tunu kuliko kama angeonyesha makucha. "Bibi unatafuta chuki. Mwanadamu akitia kitu chunguni huwa amemchukia mtu, kwa hiyo akifa mtu mnatafuta mwenye chuki mkamnyonga. Mimi sijui kuchukia. Sijakasirika hata siku moja."

"Basi iondoe. Kama mimi ni bibi yako, nakuamuru, iondoe yote usiku huu."

Jini akainamisha kichwa mpaka chini. "Hilo siliwezi. Mfumaji akifa, nguo haifumuki. Chemsheni uji mpaka chungu kikauke, okeni mkate mpaka uwe mweusi, mimi nitakufa, lakini nilichokiweka humo hakitajua hata kama kulikuwa na moto."

"Na kikombe cha pembe ya kifaru?"

Hapo jini akacheka, mara ya kwanza, cheko dogo la vumbi. "Pembe ile ni ukucha, Bibi. Umewahi kuona ukucha ukijua kitu?"

Tunu akakaa chini. Akauliza kwa nini mumewe ni mzima na wengine wamekufa, na jini akamjibu kwamba mumewe alikula kijiko, na wale walikula sahani tatu kwa siku. "Kijiko hakijamwangusha. Lakini kijiko hakisahau. Kinakwenda kukaa katika ini na kumngoja."

"Mimi pia nimekula mkate wa ikulu. Tangu ghala lilipofunguliwa."

"Najua, Bibi."

"Lakini mtoto hajala kitu. Hana hata jino moja. Ananyonya tu."

Jini akamtazama mtoto.

"Nimesema, ananyonya tu!"

"Bibi hajaniuliza swali," akasema jini taratibu, "na asiponiuliza sitajibu."

Mama mwenzangu, yeye alikuwa amekwisha kujua. Alimshusha mtoto mgongoni, akaisogeza taa, akamfunua kope kwa kidole gumba, na katika weupe wa jicho la Raya mlikuwa na rangi, hafifu, hafifu sana, ya majani ya chai yaliyotiwa maji mara ya tatu. Na akauliza. Na jini, kwa kuwa alikuwa mtumwa wa ukweli, akajibu, "Kila ulacho hupita kwenye maziwa. Kidogo. Lakini hupita."

Alilia bila sauti. Jini akangoja mpaka alipomaliza, kisha akasema kama mtu anayekumbuka adabu zake, "Liko niliwezalo. Nipulize kwenye uji wa Sultani, nusu siku ya kazi, na baada ya mwezi hakuna Sultani, hakuna Waziri, hakuna wa kumkata shingo mumeo. Niamuru tu."

Tunu hakusema hapana. Isimuliwe kweli, hakusema hapana upesi. Alimtazama yule mtoto mzee asiye na meno na akaona jinsi lilivyokuwa jambo jepesi. Lakini mwezi ni mrefu na Ijumaa ilikuwa kesho, na tena alikuwa na binti, na kule ndani alikuwako binti mwingine mwenye macho ya manjano, akilishwa uji ule ule kwa kijiko cha dhahabu.

"Kazi yako imekwisha," akasema. "Usinifuate."

Asubuhi ya Ijumaa, baraza lilipokaa, akaingia mwanamke na mtoto mgongoni na kapu kichwani, na ndani ya kapu sauti nyingi ndogo zikilia. Akaanguka kifudifudi mbele ya kiti.

"Ewe Sultani wangu, mwana wa masultani, Mungu akuzidishie umri na aondoe maradhi katika nyumba yako. Mimi ni mke wa mwonjaji. Sikuja kuomba huruma, maana huruma ni yako, unampa umtakaye. Nimekuja kuomba ushahidi. Sumu haikutiwa na mkono wa mtu, Sultani wangu, sumu iko ndani ya nafaka, imezaliwa humo, moto hauiondoi na fedha haiioni. Nimeleta vifaranga ishirini wa bata. Kumi wapewe uji wa ghala lako, upikwe mbele ya macho yako, kumi wapewe uji wa mahindi ya sokoni. Mume wangu asiuguse, nami nisiuguse. Wakiishi wote, tuue sote wawili."

Waziri akapiga paja. "Sultani wangu, tangu lini bata wakawa makadhi?" Na baraza zima likacheka, na Tunu akabaki pale chini na kicheko kikimpita juu, kile kile alichokiogopa usiku wa kwanza, na safari hii hakunyamaza.

"Tangu makadhi waliposhindwa," akasema.

Kicheko kikafa. Sultani, aliyekuwa hajalala siku nne kwa ajili ya binti yake, akamtazama kwa muda mrefu. "Siku saba," akasema. "Na Nargisi asipewe uji huo mpaka zitimie."

Ndipo pazia la nyuma likafunguliwa na Bibi Mkuu akatoka, mwanamke wa miaka sabini na tisa, amenyooka kama mshale, na harufu ya waridi ikaja naye. "Nafaka ile imebarikiwa mbele yangu," akasema. "Miaka sitini nimesimama mlangoni pa ghala lile. Anayesema ina sumu anasema baraka yangu ni sumu. Vema. Mimi nitakula pamoja na hao bata, bakuli kwa bakuli, siku saba. Naapa kwa kaburi la baba yake Sultani."

"Bibi, usile!" Tunu akapiga kelele, akasahau adabu zote. "Bibi wangu, nakuomba, usile!"

"Mnaona," akasema Bibi Mkuu. "Anaogopa nitakavyomuumbua."

Wakala. Siku ya tatu vifaranga wa uji wa ghala walianza kupepesuka kama walevi, na siku ya nne shingo zao zikapinda kuelekea nyuma, na siku ya tano wote kumi walikuwa wamelala miguu juu, na wale wengine kumi wakiwakanyaga kuendea maji. Wajakazi wakamwangukia Bibi Mkuu, basi, Bibi, imetosha, bata wamesema. Akasema, kiapo ni kiapo. Siku ya sita alilishwa na mjakazi kwa kuwa mkono ulikuwa hautulii. Siku ya saba alimaliza bakuli, akaligeuza juu chini ili watu waone, na usiku ule ule akaanza kutapika.

Akamwita Tunu, peke yake. Chumba kilikuwa na mirashi kila mahali, kwenye vidaka vyote, inang'aa.

"Ulijua tangu lini?" Macho yake yalikuwa binzari tupu.

"Tangu usiku wa kuamkia Ijumaa, Bibi."

"Ni maji."

"Ni maji, Bibi. Nafaka ikiwa kavu, jini wake analala. Mimi ndiye niliyemimina."

"Na aliyekwambia umimine?" Bibi Mkuu akafumba macho. "Barazani ulisema sumu imezaliwa humo. Hukusema imezaliwa na nani. Una adabu." Akapumua kwa shida. "Nilikuwa na mtoto kabla ya Ghalibu. Mwaka wa mvua nyingi. Alikufa na macho ya rangi hii, na tulimnyonga yaya wake. Aliitwa Zaituni. Alisema mpaka mwisho, sikufanya kitu, Bibi, sikufanya kitu. Nami mwaka uliofuata nikanyunyiza zaidi, ili baraka izidi."

Akanyoosha mkono, akaugusa mrashi uliokuwa karibu naye.

"Usiniondolee jina langu," akasema yule mzee. "Niache nife nikiwa mama wa baraka. Ahidi hutamwambia mtu. Mumeo bado yuko gerezani, mwanangu, na hati ya kumwachia, ambayo Sultani ameniachia mimi niitie muhuri, imo chini ya mto wangu, haijatiwa."

Na Tunu akaahidi. Ungefanya nini?

Siku mbili baadaye Bibi Mkuu akazikwa, na mji mzima ukamlia, na Sudi akatolewa gerezani akiwa mwembamba lakini hai, na mpiga mbiu akazunguka milango yote tisa akitangaza kwamba katika ghala la Sultani alikuwamo jini, na jini huyo aliitwa na Khelefu mpishi kwa uchawi wake, na Bibi Mkuu alijitoa mhanga kumfichua. Waziri ndiye aliyeandika maneno hayo. Sultani aliyasikia na hakuyafuta, kwa kuwa sultani aliyemnyonga asiye na hatia hulala vibaya kuliko sultani aliyemnyonga mchawi.

Ghala likachomwa moto na mahindi yote, na moshi ukasimama siku tatu, na katika moshi Tunu akasikia sauti ndogo isiyo na uchungu, "Moto haukunimaliza, nakwenda kulala, Bibi, popote palipo pakavu. Ukinihitaji, maji tu." Nargisi akapona. Sultani akamfanya Sudi mkuu wa maghala yote, akawapa nyumba ya ghorofa na mfuko wa dinari na watumishi wanne, na walipoulizwa wana haja gani nyingine, Tunu akasema kwamba Bibi Mkuu katika kufa kwake alimwachia wosia, kwamba kuanzia sasa ghala jipya libarikiwe kwa moshi wa udi na ubani, na mirashi yote izikwe kando ya kaburi lake, na mahindi yaanikwe juani mpaka punje ikitafunwa ivunjike kwa mlio. Ulikuwa uongo. Ulikuwa uongo mtupu na aliusema bila kupepesa. Na kila mwaka akasimama mlangoni na chetezo, na ghala halikutafuna tena, na watu wakamsifu Bibi Mkuu kwa wosia wake.

Lakini utajiri haukumpa usingizi. Kila asubuhi, kabla ya kumsalimu mumewe, alimfunua Raya kope, na rangi ile iliondoka polepole. Kisha alimfunua Sudi. Sudi alikuwa akimwambia, mke wangu, mimi si debe la unga uchungulie kama nimeharibika, na wakicheka wote wawili, yeye alicheka kwa midomo tu.

Na katika uchochoro wa nyuma ya lango la samaki aliishi Bi Maua na watoto watatu, na mlango wake ulipakwa masizi kila wiki, na hakuna aliyenunua maandazi yake, kwa kuwa nani atakula cha mke wa mchawi? Binti yake mkubwa alikuwa amechumbiwa. Posa ikarudishwa.

Siku moja mchana Tunu akafika kwake, ushungi umemfunika mpaka puani, mtoto mgongoni. Bi Maua alikuwa akipembua mchele, hakusimama.

"Mke wa mkuu wa maghala. Umekuja kunichoma na mimi?"

"Nimekuja kununua maandazi, dada."

"Hununui maandazi. Sema ulilokuja nalo."

Na Tunu akasema. Akasema yote kwa pumzi moja, ukuta na joto na jini na komeo, bata na bakuli na hati chini ya mto, maneno yakipandana, na alipofika kwa Khelefu akasema, "Hakufanya kitu. Alipika tu, dada. Alipika alichopewa." Kisha akaketi chini kwenye pumba na kungoja kupigwa.

Bi Maua alikuwa ameacha kupembua. Ungo umesimama hewani.

"Ulimimina mirashi mingapi?"

"Saba. Halafu mitungi. Sikuhesabu."

"Na ulisikia ukuta ukitafuna, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Raya akaanza kunung'unika, na Bi Maua, bila kufikiri, kwa mazoea tu ya mwanamke aliyelea, akanyoosha mkono akamtoa mgongoni kwa mamaye na kumpakata. Akamfunua kope. Akatazama.

"Nikiuanika ukweli huu sokoni," akasema, "mume wangu atatakata. Nao watakuua wewe kwa kumtukana marehemu, na mwakani watafukua mirashi yao wayanyunyizie mahindi, kumwonyesha Bibi Mkuu kwamba wanampenda. Si ndivyo?"

"Ndivyo, dada."

"Na chetezo nani atakishika?"

Nje, mtu alipita akatema mate mlangoni, na wote wawili wakasikia yakigonga ubao.

Bi Maua akamrudishia mtoto wake, akaufunga ushungi wa Tunu vizuri chini ya kidevu, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Nitawaambia wanangu," akasema. "Wote watatu, leo usiku, mmoja mmoja sikioni, kwa kuwa ni baba yao na wana haki ya kumlilia. Baada ya hao, Mungu shahidi, sitamwambia mtu mwingine."